Vita vya Angani Huanza Mezani kwa Mchoraji

Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, na ninyi mashabiki wenzangu mliojaa mpaka mlangoni, salamu nyingi.

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia vyombo vya anga za juu na vita vyake katika filamu za kisayansi. Najua humu ukumbini wamo wanaoshikilia kwamba filamu ikitoa mlio wa mlipuko ndani ya ombwe, mahali pasipo hewa ya kubeba sauti, basi imejiharibia yenyewe. Wamo pia wanaowajibu kwamba tulikwenda kutazama filamu, hatukwenda darasani. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu na nawaheshimu wote. Hata hivyo, nikichunguza zile filamu ambazo huwa tunatoka tumenuna, naona kidonda chetu kiko kwingine. Chombo kimefanya jambo ambalo nusu saa iliyopita hakikuliweza, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Au kimeshindwa na jambo ambalo kilikuwa kikilifanya bila jasho. Mtu hawezi kukiogopea chombo asichojua kinaishia wapi.

Hoja yangu ni hiyo, na nitaisimamia mpaka mwisho. Mapigano ya angani yanaanza mezani kwa mchoraji. Umbo la chombo likituonyesha mipaka yake, vita vitatushika roho hata kama sayansi yake imelegea. Umbo likinyamaza, mizinga elfu ikipigwa tutabaki tunatazama taa za rangi.

Tuanze na mwaka 1966. Matt Jefferies alikuwa mtu wa ndege, aliyehudumu ndani ya ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili, kabla hajapewa kazi ya kuchora Enterprise, chombo cha tamthilia ya televisheni ya Star Trek. Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia hiyo, hakutaka mapezi, hakutaka roketi, hakutaka ndimi za moto nyuma. Jefferies akajiuliza kama fundi: injini zenye nguvu ya kushinda mwendo wa mwanga, nani angekubali kulala karibu nazo? Akazitenga mbali, kila moja juu ya nguzo yake ndefu, na watu akawaweka mbele ndani ya sahani kubwa. Ngozi ya nje akaiacha laini. Aliona kwamba mitambo inapaswa kufikiwa kutoka ndani, maana fundi hana sababu ya kwenda ombweni kila kitu kinapoharibika.

Tazameni alichotupatia. Mtu ambaye hajawahi kuiona Enterprise hata mara moja, akiitazama tu, anajua penye hatari. Ile shingo nyembamba. Zile nguzo. Pakipigwa pale, chombo kimelemaa. Hakuna aliyehitaji kulisema.

Na sasa tuone deni hilo lilivyolipwa mwaka 1982, katika filamu ya pili ya mfululizo huo, The Wrath of Khan, iliyoongozwa na Nicholas Meyer. Kwangu mimi hayo ndiyo mapigano bora ya angani yaliyowahi kuwekwa kwenye filamu, na nimejaribu mara nyingi kutafuta yatakayoyazidi nikakosa. Hebu hesabuni risasi zake. Ni chache mno. Vyombo viwili tu, vyote vya jeshi moja, kimoja kimetekwa. Khan, adui aliyekiteka, anamkaribia Kirk, mkuu wa Enterprise, akiwa ndani ya chombo hicho cha kirafiki, kwa hiyo ngao za Enterprise hazijainuliwa, na kanuni iliyotaka ziinuliwe inapuuzwa mbele ya macho yetu. Pigo la kwanza linaingia kwenye sehemu ya injini. Kuanzia hapo chombo ni kilema, na kila amri anayoitoa nahodha inatolewa na mtu asiye na nguvu za kutosha. Anajiokoaje? Kwa kuwa vyombo hivi ni ndugu, upo msimbo wa siri unaoweza kushusha ngao za mwenzake kutoka mbali. Ujanja huo umetoka ndani ya mipaka ileile tuliyokwisha kuonyeshwa.

Kisha vinaingia kwenye wingu la nebula, ambako ngao hazifanyi kazi na mitambo ya kuonea imejaa chenga. Meyer aliwafanya wapigane kama nyambizi. Wote vipofu, wanapapasa, wanasubiri. Khan ni hodari lakini hana mazoea ya anga, anawaza kama mtu aliye juu ya bahari: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kirk anashuka chini, anamwacha apite, anainuka nyuma ya tezi yake, yaani mkia wa chombo chake. Na pale Enterprise inapopiga, mojawapo ya injini zilizotengwa za adui inanyofolewa. Shabaha ambayo mchoraji alikuwa ameiweka wazi tangu miaka ya sitini! Mtu akiniuliza kwa nini nabishana juu ya michoro, namwonyesha dakika hizo.

Twende 1977. Najua wengi wenu mmekuja kwa ajili ya Star Wars, na msidhani nitaidharau. Filamu inapoanza, chombo kidogo kinakimbia, halafu juu ya vichwa vyetu kinaingia kingine, na kinaendelea kuingia, na bado kinaingia. Modeli ya lile jitu ilikuwa chini ya mita 1, ilhali ya kile kidogo kinachofukuzwa ilikaribia mita 2. Ukubwa wote ule ulitokana na kamera kupita karibu mno, pamoja na vipande vidogo vya plastiki vilivyobandikwa juu ya modeli, vingine vikiwa vimetolewa kwenye vifaa vya kuunganisha vifaru na ndege vya kuchezea. Jicho likiona vitu vidogo vingi linaamini kitu chenyewe ni kikubwa. Hicho kidogo nacho kina historia yake. Kilikuwa kimechorwa kiwe Millennium Falcon, chombo cha mashujaa wa filamu, ikaonekana kinafanana mno na chombo cha tamthilia nyingine ya wakati ule, Space: 1999, basi kikapewa kazi nyingine na Falcon ikachorwa upya.

George Lucas, mwongozaji wa Star Wars, alikusanya vipande vya filamu za vita vya ndege, akaviunganisha vikawa kielelezo cha jinsi vyombo vyake vitakavyokwenda, kabla picha zenyewe hazijakamilika. Ndiyo maana vinalala ubavu vikikata kona, jambo ambalo mahali pasipo hewa halina kazi. Wenzangu wa kundi la fizikia wamelilalamikia hilo tangu siku ile. Mimi nawaomba watazame lile shambulio la mwisho dhidi ya Death Star, kituo kikubwa cha kivita cha adui, kwa jicho jingine. Kabla ya ndege hata moja kuruka, marubani wamekalishwa wakaelezwa: tundu lina upana wa mita 2, liko mwisho wa handaki, mizinga ya kituo imetengenezwa kuzuia manowari kubwa na itashindwa na ndege ndogo. Tumepewa mipaka yote mkononi. Basi kila rubani anayeanguka tunajua kilichopungua, na kila mita ya handaki tunaihesabu. Fizikia yake ni ya Vita Kuu ya Pili, lakini haikuvunja ahadi hata moja iliyoitoa.

Kuhusu sauti nitapita haraka. Ben Burtt, fundi wa sauti wa Star Wars, alichanganya mlio wa tembo na sauti ya gari linalopita kwenye barabara yenye maji, akapata ule mlio wa TIE, ndege ndogo za adui. Sitaki mtu aniondolee mlio ule. Nauhesabu kama muziki, na muziki nao haumo ombweni. Ile pete bapa ya moto inayosambaa baada ya mlipuko mkubwa, iliyopata umaarufu kwa filamu ya Star Trek ya 1991 na kisha kuongezwa kwenye Star Wars iliyotolewa upya mwaka 1997, hiyo nadhani imezeeka. Mlipuko ombweni hutawanyika pande zote kama tufe. Tufe nalo linapendeza likichorwa na mtu anayejua.

Sasa nifike mahali ninapopapenda zaidi, na mnivumilie nikikaa hapa. Nataka tuzungumze habari za joto.

Ombwe halina hewa ya kupoza kitu chochote. Chombo cha anga ni chungu kilichofunikwa: moto unawaka ndani, na mvuke hauna pa kutokea. Miili ya watu, kompyuta, injini, mizinga ya leza, vyote vinazalisha joto, na njia ya kudumu ya kuliondoa ni moja tu, nayo ni kulitoa kama mnururisho, yaani miali ya joto, kupitia rejeta kubwa zilizokunjuliwa nje. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kina rejeta za namna hiyo, nyeupe, zenye amonia inayozunguka ndani yake. Vile vyombo vya Marekani vya kwenda na kurudi, shuttle, vilikuwa na rejeta upande wa ndani wa milango ya sehemu ya mizigo, kwa hiyo milango ilibidi ifunguliwe mapema baada ya kufika obitini. Ingekataa kufunguka, safari ingekatizwa.

Hesabu yake ni ya kutisha. Mita moja ya mraba ya rejeta yenye joto la nyuzi 27 za Selsiasi hutoa wati 460 hivi kwa upande mmoja. Chukueni mzinga wa leza wa megawati 1, unaopoteza megawati 2 kama joto ndani ya chombo kila unapowaka. Kuutumia mfululizo kunahitaji zaidi ya mita za mraba 4,000 za rejeta upande mmoja! Njia ya kuipunguza ni kuiacha rejeta iwe moto zaidi, maana kanuni ya Stefan na Boltzmann inasema ukizidisha joto halisi, yaani linalohesabiwa kuanzia mwisho kabisa wa baridi, mara mbili, mnururisho unazidi mara 16; ukizidisha mara nne, unazidi mara 256. Rejeta yenye nyuzi 927 hutoa zaidi ya kilowati 115 kwa kila mita ya mraba. Lakini sasa inang'aa nyekundu, na adui yeyote mwenye jicho la kuona joto anaiona kutoka mbali sana, kwa kuwa anga nyuma yake ni baridi karibu na mwisho wa baridi.

Mnaona tamthilia iliyomo humo? Chombo kinachotaka kujificha kikunje rejeta zake na kijipike polepole. Kinachotaka kupiga kizikunjue, na rejeta ni pana, nyembamba, haziwezi kubeba deraya. Nahodha analazimika kuchagua, na kila chaguo linamgharimu. Udhaifu unaoonekana kwa macho, uliotoka moja kwa moja kwenye maumbile, wala hakuna haja ya kubuni msimbo wala fuwele ya ajabu.

Halafu wachoraji wetu wamezikimbia! Walipokuwa wakiandaa Discovery, chombo cha 2001: A Space Odyssey, filamu iliyotoka mwaka 1968, rejeta zilikuwemo kwenye michoro ya awali zikaondolewa, kwa hofu kwamba watazamaji wangeziona kama mabawa. Naielewa hofu ile. Wakati ule watu walikuwa wamezoea roketi zenye mapezi, na mwongozaji Stanley Kubrick alitaka kuwaachisha mazoea hayo. Lakini miaka mingi imepita, na hofu imegeuka desturi. Mwaka 2009 James Cameron alituonyesha katika Avatar chombo chenye rejeta kubwa zikingali nyekundu baada ya injini kufanya kazi, chembamba, kirefu, injini zikiwa mbele zikikivuta kilichobaki. Kilikaa kwenye picha kwa muda mfupi mno. Nilitoka nikitamani filamu nzima juu ya chombo kile.

Nitatoka kidogo kwenye filamu niingie kwenye tamthilia za televisheni, maana huko ndiko mwendo ulikochorwa vizuri zaidi. Babylon 5, iliyoanza mwaka 1993, ilikuwa na ndege ya kivita iliyobeba injini kwenye ncha za mikono minne, kwa hiyo iliweza kugeuka na kumpiga anayeifukuza huku ikiendelea kwenda kulekule ilikokuwa ikienda. Umbo na mwendo ni kitu kimoja. The Expanse, kuanzia 2015, ilipanga vyumba vya chombo kama ghorofa za mnara, injini ikiwa chini, kwa sababu msukumo wa injini ndio unaowapa watu uzito. Kabla ya mapigano wanavaa mavazi ya ombweni na kuitoa hewa ndani, ili tundu la risasi lisigeuke dhoruba. Na wakifika nusu ya njia wanageuza chombo, tezi mbele, ili kupunguza mwendo.

Fikirini maana ya jambo hilo kwa vita. Chombo kinachoongeza kasi kwa kiwango kinachompa mtu uzito wake wa kawaida, baada ya saa moja kina kasi ya kilomita 35 kwa sekunde. Kusimama kunataka saa nyingine nzima. Hakuna kukata kona. Ukikosea kumpita adui, umempita, na mtaonana tena baada ya saa nyingi. Tena kwa kasi hizo hata msumari ni silaha: kilo 1 ya kitu chochote ikigonga kwa kilomita 3 tu kwa sekunde, inabeba nishati inayozidi kidogo ile ya kilo 1 ya TNT.

Wala jambo hili halijaishia kwenye michoro. Kituo cha Kisovieti cha Salyut 3, kilichorushwa mwaka 1974, kilikuwa na mzinga wa kweli uliofungwa kwenye mwili wake bila kuweza kugeuka. Kulenga kulimaanisha kugeuza kituo kizima. Ulipigwa Januari 1975, wakati hakuna mtu ndani, kabla kituo hakijaangushwa kutoka obitini, na injini za kituo zilihitajika kukabili msukumo wa mzinga wenyewe. Mchoraji anayetaka kisa, hicho hapo: nyumba yako na bunduki yako ni kitu kimoja, huwezi kulenga bila kuwageuza wote waliolala.

Nikiyakumbuka hayo ndipo ninaposikitishwa na baadhi ya filamu za karibuni, na nitazitaja kwa heshima, maana waliozitengeneza ni mafundi hodari. The Last Jedi, filamu ya Star Wars ya mwaka 2017, ina vyombo vya kivita vinavyoangusha mabomu angani. Wengi walikasirika kwamba bomu haliwezi kuanguka pasipo uzito. Mimi silalamikii hilo. Bomu likishasukumwa litaendelea kwenda. Nalalamikia vyombo vyenyewe: vizito, vya polepole, vimebanana kiasi kwamba kimoja kikilipuka kinaondoka na jirani zake. Nani alivichora akitumaini virudi? Filamu hiyohiyo ina ile picha ya chombo kuruka kwa mwendo wa kupita mwanga na kupasua manowari ya adui, sauti yote ikakatika. Ukimya ule ulinisimamisha nywele, na ulifaulu kwa sababu miaka arobaini tulikuwa tumezoezwa kelele. Lakini tangu siku ile kila shabiki anauliza swali moja: kama hilo linawezekana, kwa nini halikufanywa dhidi ya Death Star? Swali hilo ni halali, na picha ile, kwa uzuri wake wote, iliidhoofisha kila vita iliyopiganwa kabla yake.

Filamu iliyofuata, ya mwaka 2019, ilitoa mamia ya manowari zinazofanana, kila moja ikiweza kuangamiza sayari, kisha tukaambiwa haziwezi hata kupanda kutoka kwenye sayari ile bila ishara ya kuziongoza. Huo ni mpaka, nakiri. Ila umesemwa kwa mdomo dakika za mwisho, na hakuna lolote kwenye umbo la manowari zile linalouonyesha. Kompyuta imeturahisishia kunakili chombo kimoja mara mia tano, nacho kwa kunakiliwa kimekosa jina, kovu na sababu ya kuogopewa. Vyombo viwili vya mwaka 1982 vinanitosha kuliko kundi lote lile.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachoraji na waandishi waliomo humu, na najua wamo, nimeona madaftari yenu. Nichoreeni vita hii. Chombo kimoja kimekunja rejeta zake na kuzima injini, kinaelea kuelekea kwa adui, na ndani joto linapanda nyuzi hadi nyuzi. Adui yuko umbali wa kilomita 300,000, kwa hiyo kila anachoonekana akifanya amekwisha kukifanya sekunde moja iliyopita, na leza itachukua sekunde nyingine kumfikia. Nahodha ana nafasi ya kupiga mara tatu, pengine nne, kabla mitambo haijaungua, na baada ya hapo lazima akunjue rejeta mbele ya macho ya adui. Wahandisi wanataka zikunjuliwe sasa. Mwelekezaji silaha anaomba dakika mbili. Tuonyesheni rejeta mapema, zikiwa zimekunjuliwa kwa amani, ili tuzipende kabla hatujazihofia. Tuonyesheni fundi akizifuta. Mkifanya hivyo sitawauliza mlio wa mzinga umepita wapi.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona mikono imeinuka, hasa upande wa wale wanaopenda vyombo laini. Naomba aanze yule dada wa safu ya tatu, ameinua mkono tangu nilipoitaja Falcon.